Kanisa la Störmthal na Muziki Wake: Somo juu ya Kusikiliza

Kwa wasomaji wote, hasa wainjilisti, wazee wa kanisa na walimu wa kwaya

Mwezi huu twataka kujifunza habari za kanisa dogo la shamba katika nchi ya Ujerumani, na habari za muziki unaopigwa humo wakati wa joto. Huenda mtu atauliza, "Jambo la mbali hivi latuhusu nini?" Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kijiji kile ki karibu na mji wa Leipzig, nao ndio mji ambao Misioni yake iliwatuma wajumbe wa Injili waliofika Machame mwaka 1893. Wajumbe wale walikuja na tenzi za kwao, na sauti za tenzi hizo hata leo twaziimba Jumapili kwa maneno ya Kiswahili. Pili, katika kanisa lile kuna swali ambalo na sisi tunalo, ijapokuwa kwetu limevaa nguo nyingine: Mtu aisikiaye sifa ya Mungu kama muziki mzuri tu, amesikia nini?

Kabla ya kuendelea, kila msomaji na afungue Biblia yake, asome Ezekieli 33:30-33. Humo nabii aambiwa kwamba watu huja kuketi mbele yake na kuyasikia maneno yake, lakini kwao yeye ni kama mwimbaji mwenye sauti ya kupendeza; wasikia, wala hawatendi. Neno hili tulishike mkononi kama taa tunapokwenda.

1. Kijiji na kanisa lake

Kijiji chaitwa Störmthal. Kiko upande wa kusini-mashariki wa Leipzig, mwendo mfupi tu kwa gari, katika jimbo la Saksonia. Mji wa Leipzig umejulikana duniani kwa ajili ya Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa Eisenach mwaka 1685 na kufa Leipzig mwaka 1750. Yeye alikuwa mkuu wa uimbaji katika kanisa la Mtakatifu Thomas kwa muda wa miaka 27. Kila mwaka, mwezi wa Juni, mji ule hufanya sikukuu ya muziki kwa kumkumbuka, iitwayo Bachfest. Hudumu siku kumi hivi, na wageni huja kutoka nchi nyingi. Muziki mwingi hupigwa katika makanisa makubwa ya mjini, lakini mara kwa mara wageni huchukuliwa kwa mabasi mpaka miji midogo na vijiji ambako Bach mwenyewe alipata kufanya kazi. Störmthal ni kimoja cha vijiji hivyo.

Kanisa la Störmthal lilijengwa upya katika miaka ya 1722 na 1723. Si kanisa kubwa. Mtu aliyezoea makanisa yetu ya Kilimanjaro, yanayojaa watu mia nyingi, angelihesabu kuwa la mtaa mmoja tu. Aliyesimamia ujenzi ni bwana wa shamba lile, jina lake Statz Hilmor von Fullen. Katika siku zile mwenye shamba alikuwa na haki na wajibu juu ya kanisa la watu wake. Naye hakutosheka na kuta na paa, bali aliagiza na kinanda kipya cha mabomba, kiongoze uimbaji wa wakulima wale.

Kanisa lile limepita katika vita na katika mabadiliko ya serikali nyingi, lakini hatari kubwa ilitoka ardhini. Nchi ile ina makaa ya mawe yaliyo laini, yenye rangi ya udongo mweusi, nayo huchimbwa kwa mashimo mapana yaliyo wazi, siyo kwa mapango. Shimo likisogea, vijiji huondolewa. Jirani ya Störmthal palikuwa na kijiji cha Magdeborn. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kijiji hicho kilibomolewa chote, nyumba pamoja na kanisa, na watu wake wakahamishwa. Störmthal ilibaki. Shimo lilipofungwa katika miaka ya 1990, baadaye likaachiwa maji, na leo mahali pa mashine pana ziwa. Juu ya maji hayo, tangu mwaka 2011, chaelea kijengo mfano wa mnara wa kanisa, kuwa ukumbusho wa kanisa la Magdeborn lililopotea. Mtu akija kusikiliza muziki Störmthal hana budi kuyakumbuka makanisa mawili: moja latoa sauti, na moja limenyamaza.

2. Kinanda, na jinsi kilivyopimwa

Kinanda cha Störmthal kiliundwa na fundi Zacharias Hildebrandt. Kina sauti za namna 14, safu moja ya vibao vya mikono, na vibao vya miguu. Yafaa wasomaji wajue kazi ya chombo hiki. Ndani yake mna mivukuto, kama ile ya mhunzi, ila ni mikubwa. Hapo kale palihitajiwa mtu wa kuivukuta muda wote wa ibada. Upepo huenda katika sanduku, na kutoka sandukuni huingia katika mabomba, mengine ya bati na risasi, mengine ya mti. Bomba refu latoa sauti nene, bomba fupi latoa sauti nyembamba. Mpigaji akivuta kitasa, huifungulia safu moja ya mabomba, na kila safu ina tabia yake: moja yafanana na filimbi, nyingine na tarumbeta. Basi kinanda kimoja ni kama kwaya iliyosimama mahali pake miaka yote, ikingoja pumzi tu.

Hildebrandt alikuwa amefunzwa na Gottfried Silbermann, aliyekuwa fundi mkuu wa vinanda katika Saksonia. Mwanafunzi alipoanza kujitegemea, hao wawili waligombana juu ya kazi, hata wakafikishana mbele ya waamuzi. Lakini mwaka 1746, Hildebrandt alipomaliza kinanda kikubwa sana katika mji wa Naumburg, waliokuja kukipima walikuwa wawili: Bach, na Silbermann yule yule.

Na kule Störmthal nani alikipima? Alikuwa Bach mwenyewe. Mwaka 1723 alikuwa amehamia Leipzig tangu mwezi wa Mei. Alikuwa na kazi nyingi sana, maana karibu kila Jumapili alitoa wimbo mpya wa ibada kwa makanisa ya mji. Hata hivyo tarehe 2 Novemba mwaka ule, siku ya Jumanne, tunamkuta katika kijiji hiki, akikichunguza kinanda cha wakulima na kukisifu.

Habari za namna yake ya kupima zimehifadhiwa na mwanawe. Asema kwamba baba yake, kabla ya jambo jingine lolote, huvuta sauti zote pamoja na kupiga kwa nguvu zote, apate kujua kama chombo kina mapafu mazuri. Mafundi waliogopa kipimo hiki. Kinanda chaweza kupendeza kikipigwa pole pole kwa sauti moja moja, lakini kikidaiwa kila kitu mara moja, upepo hupunguka, na sauti huanza kutetemeka kama mtu mgonjwa apandaye mlima.

Walimu wa kwaya, tusipite hapa kwa haraka. Wenzetu wale hawakusema, "Ni kanisa la shamba tu, kitu cho chote kitafaa." Walimwita aliye hodari kuliko wote, wakamwacha atafute makosa kabla kazi haijapokelewa. Kwetu mara nyingi kazi hupokelewa kwanza, kwa shangwe na kwa picha, ndipo makosa yaonekane. Spika zanunuliwa kwa harambee, na baada ya mwaka zakoroma. Kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetakiwa kuzipima, wala hapakutengwa fedha za kuzitunza. Mfalme Daudi alipopanga uimbaji wa hekalu, twasoma kwamba waimbaji waliofundishwa walihesabiwa mmoja mmoja, wakawa 288 (1 Nyakati 25:7). Kumtolea Mungu kitu kilichopimwa si ukosefu wa imani, bali ni adabu.

3. Wimbo wa siku ya wakfu

Siku ile ya Novemba kanisa na kinanda viliwekwa wakfu, na Bach alileta wimbo mrefu wa namna iitwayo kantata. Kantata ya kanisa ni kama mahubiri yaliyotiwa katika muziki. Huwa na waimbaji wa pamoja, na waimbaji wa peke yao, na vyombo. Huwa na maneno ya kusimulia na maneno ya kuomba. Na mara nyingi humalizika kwa ubeti wa wimbo wa kanisa ambao kila mshirika aujua. Wataalamu huuita wimbo wa Störmthal kwa hesabu yao namba 194. Una vipande 12, navyo vimegawanywa katika sehemu mbili. Sehemu moja iliimbwa kabla ya mahubiri na ya pili baadaye. Wote pamoja huchukua dakika 40 hivi. Vyombo vyake ni fidla na vyombo vingine vya nyuzi, pamoja na obo tatu. Obo ni jamaa ya zumari ya pwani, ila sauti yake ni laini zaidi.

Yako mambo mawili katika wimbo huu yanayotufaa.

La kwanza ni hili. Muziki wake mwingi haukutungwa kwa ajili ya kanisa. Bach alikuwa ameutunga hapo awali alipokuwa mtumishi wa mtawala wa Köthen, kwa sherehe ya jumba lake. Ndani yake mna mwendo wa ngoma zilizochezwa katika nyumba za wakubwa wa siku zile. Alipotakiwa kuweka wakfu kanisa, aliichukua kazi ile, akaipatia maneno mapya ya kumsifu Mungu na kuiombea nyumba yake, akaitengeneza mpaka ikafaa. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Juni 1724, aliutumia tena wimbo uo huo mjini Leipzig, siku ya Utatu.

Jambo hili na liwape moyo wale wanaotafuta sauti za kwetu za kumsifu Mungu, na pia liwafundishe kiasi. Wazee wetu wengi waliambiwa kwamba mwendo wa ngoma hauwezi kabisa kuingia kanisani, na wakauacha kwa uchungu. Sasa twaona kwamba mwalimu mkuu wa uimbaji wa Kilutheri hakuogopa mwendo wa ngoma za nchi yake. Hata hivyo hakuuingiza kama ulivyo. Aliuchagua, akaubadilisha, akautia chini ya neno. Anayenyakua wimbo wa dansi wa jana usiku, akabadili jina moja tu na kuliweka la Yesu mahali pake, hajafanya kazi aliyoifanya Bach.

Jambo la pili ni ile miisho ya sehemu mbili. Sehemu ya kwanza humalizika kwa beti za wimbo wa Johann Heermann, na ya pili kwa beti za wimbo wa Paul Gerhardt. Wote wawili walikuwa wachungaji, na wote wawili waliziona taabu za vita vya miaka thelathini, vilivyoiharibu nchi ile kuanzia mwaka 1618 hadi 1648. Basi baada ya uzuri wote wa fidla na obo, Bach humrudisha msikilizaji kwenye wimbo ambao mkulima aliujua kwa moyo tangu utoto. Ni kana kwamba amwambia, "Haya yote ni yako, hukuja kutazama mali ya mtu mwingine."

4. Siku ya kusikiliza

Sisi tulipata kuketi katika kanisa lile siku moja ya Juni, tukiwa kundi dogo la wageni tulioalikwa na usharika rafiki. Katika mwezi ule jua la nchi zile huchelewa sana kuchwa. Hata saa tatu ya usiku bado mtu aweza kusoma nje. Watu walikuja na mapema. Kila mmoja alipewa kijitabu chenye maneno yote yatakayoimbwa. Tuliona jambo la kupendeza: kabla muziki haujaanza, watu waliyasoma maneno yale kimya, kidole kikifuata mstari, kama mwanafunzi wa ubatizo afuatavyo katekisimo.

Kisha kukawa kimya. Siyo kimya cha watu wasio na la kusema, bali cha watu wanaongoja. Simu zilikuwa zimezimwa, wala hapakuwa na mtu aliyesimama kupiga picha au kutoka nje. Wapigaji hawakuwa wengi. Vyombo vyao vilikuwa vya namna ya kale, na nyuzi zake za utumbo wa mnyama, zenye sauti ya upole ambayo hulegea kukiwa na joto. Ikawapasa kuzikaza mara kwa mara, na watu wakangoja bila kunung'unika. Kinanda kilipoanza, sauti yake haikuwa kubwa kama tulivyotazamia. Ilikuwa sauti ya wazi, yenye kusema, iliyolingana na ukubwa wa nyumba. Fundi aliijenga kwa kipimo cha kanisa lile na si kwa kipimo cha majivuno.

Kando yetu aliketi mzee mmoja mwenye mikono mipana. Muziki ulipokwisha tulisalimiana naye kwa kinywa cha mkalimani. Alisema, "Bwana Mchungaji, mimi si mtu wa kanisa. Sikubatizwa, wala baba yangu hakuwa mtu wa kanisa. Nilifanya kazi katika shimo la makaa. Mashine zetu zilikula vijiji, na hiki hakikuliwa. Kwa hiyo huja kila mwaka nisikilize."

Tulimwuliza, "Na maneno, mzee wetu, huyasikia?"

Akakitazama kijitabu chake, akajibu, "Huyasoma yote. Siwezi kusema kwamba huyaamini. Lakini siyaruki."

Katika nchi ile watu wa namna yake ni wengi. Kwa miaka karibu 41, tangu 1949 hata 1990, waliishi chini ya serikali iliyowavuta watu, na hasa vijana, waliache kanisa. Na leo katika Saksonia wasio washirika wa kanisa lo lote ni wengi kuliko walio washirika. Majengo ya makanisa yako kila kijiji, lakini mengi hupata watu wachache Jumapili. Wakati wa joto, muziki ukipigwa, yanajaa.

Tulipokuwa katika basi kurudi mjini, mwinjilisti mwenzetu hakuweza kujizuia. Alisema, "Mchungaji, moyo wangu umeumia. Wameliimba jina la Bwana, kisha wamepiga makofi kama mpirani, wakaenda zao. Nyumba ya ibada imegeuzwa ukumbi."

Wengine wakamwunga mkono. Lakini alikuwako mama mmoja, mzee wa kanisa, ambaye hasemi sana. Akamjibu, "Baba Mwinjilisti, nakuuliza kwa heshima. Jumapili ile kabla ya safari, kwaya zetu tatu ziliimba. Nani kati yetu awezaye kuniambia maneno ya wimbo mmoja?"

Watu wakanyamaza, naye hakusema neno jingine mpaka tuliposhuka.

5. Je, ni ibada, au ni maonyesho?

Maneno ya hao wawili tumeyafikiri sana, nasi twaona kwamba kila mmoja ameshika upande mmoja wa neno la Ezekieli. Na tuyapambanue.

Mwinjilisti asema kweli kwamba kusikia muziki wa kanisa siyo ibada kwa sababu tu uko kanisani. Kantata ile iliundwa iwe na mahubiri katikati, na maombi kabla na baada, na watu wa kijiji waliokuja kuwekea wakfu nyumba yao. Ukiyaondoa hayo, umeubakiza wimbo bila ibada yake. Hatuna ruhusa kusema kwamba sauti tamu humwokoa mtu. Nabii Amosi aliwaambia watu wake kwamba Mungu amechoka na makelele ya nyimbo zao, kwa sababu hapakuwa na haki kati yao (Amosi 5:21-24). Na nyimbo zile zilikuwa za hekaluni, si za ukumbini.

Lakini mama yule naye amesema kweli, na kweli yake yatukaribia zaidi. Ezekieli hakupewa neno lile kwa ajili ya wapagani wa mbali. Lilikuwa la watu wake mwenyewe, waliokuwa na desturi ya kuja na kuketi mbele yake. Hatari ya kusikia neno kama wimbo mtamu haikai tu katika makanisa yaliyo matupu Jumapili. Yakaa pia katika makanisa yaliyojaa. Kwetu kwaya huimba kwa spika zenye nguvu hata kikombe chatetemeka mezani, watu wakasimama na kushangilia, na mtu akiulizwa mlangoni, "Wimbo ulisema nini?" ajibu, "Ulikuwa mzuri sana." Mtume Paulo asema kwamba ataimba kwa roho, na ataimba kwa akili pia (1 Wakorintho 14:15). Sisi mara nyingi twaimba kwa nguvu, tukadhani kwamba nguvu ndiyo roho.

Basi tumhesabuje mzee yule wa shimo la makaa? Tusimfanye Mkristo kwa siri, maana yeye mwenyewe hakujiita hivyo, na kumheshimu mtu ni kulipokea neno lake kama alivyolisema. Wala tusimdharau. Yeye asiyeamini ayasoma maneno yote, wala hayaruki. Nasi tunaoamini twayaruka. Imani huja kwa kusikia, asema Mtume (Warumi 10:17). Kwa mtu yule lile kanisa dogo lingali limefungua mlango mmoja, na mlango huo ni muziki. Likifunga mlango huo kwa kuona haya au kwa hasira, atasikia wapi?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Muziki wa kusikilizwa waweza kupigwa katika nyumba ya Mungu, ikiwa maneno yake ni ya Mungu, na yatolewa wazi, na wenye nyumba wenyewe wako pale wakijua wanachokitoa. Si badala ya ibada, lakini waweza kuwa ua wa ibada, kama lile hekalu la kale lilivyokuwa na ua ambao mataifa waliweza kuukaribia. Ubaya ni kuuacha ua uwe nyumba yote. Tena ubaya wa pili ni kukaa ndani ya nyumba kwa namna ya watu walioko uani, wasioulizwa neno.

6. Mambo ya kutenda katika sharika zetu

Hatuna kinanda cha Hildebrandt, wala hatukihitaji ili kumpendeza Mungu. Lakini mambo haya yako ndani ya uwezo wa usharika wo wote, hata ule ulio na ngoma moja na sauti za watu.

Maneno kwanza. Mwalimu wa kwaya na ausome wimbo mbele ya waimbaji kabla ya kuwafundisha sauti, na kuwauliza maana yake. Wimbo usioweza kuelezwa na waimbaji wenyewe usiimbwe Jumapili hiyo. Tena mwongozaji wa ibada na atangaze kwa sentensi moja wimbo wahusu nini, au maneno yaandikwe ubaoni.

Kupimwa kabla ya kupokelewa. Kwaya na isikilizwe na mtu mwenye ujuzi asiye wa kwaya ile, siku kadhaa kabla ya sikukuu, naye aruhusiwe kusema ukweli. Kadhalika chombo kinachonunuliwa kipimwe kwa nguvu zake zote kabla fedha hazijalipwa, na kila mwaka kiasi kitengwe kwa matengenezo.

Kipimo cha nyumba. Sauti na ilingane na kanisa. Kanisa dogo lenye spika za uwanjani halitoi sifa kubwa zaidi. Humfanya bibi kizee aketi nje.

Kimya. Baada ya wimbo wenye neno zito, watu na wakae kimya kwa muda wa pumzi chache kabla ya tangazo. Mwanzoni watu wataona haya, kisha watajifunza.

Wimbo wa wote. Kama Bach alivyomaliza kwa wimbo ambao kila mtu aujua, kwaya nazo zisiwanyang'anye washirika uimbaji wao. Kwaya tatu zikiimba na washirika wakaimba ubeti mmoja tu, jambo limegeuka juu chini, na ibada yetu inakaribia kuwa onyesho, ingawa hapana aliyekata tikiti.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Soma tena Ezekieli 33:30-33. Ni nani wasikiao neno kama wimbo mtamu katika mtaa wenu? Usianze kwa kuwataja wengine.

2. Kwa nini Bach alivuta sauti zote mara moja alipopima kinanda? Usharika wenu ukidaiwa nguvu zake zote siku moja, kwa msiba au kwa njaa, mapafu yake yataonekanaje?

3. Bach aliutumia muziki wa sherehe ya mtawala kwa kuweka wakfu kanisa. Taja sauti moja ya asili ya kwenu ambayo yaweza kutumika hivyo. Ni nini katika sauti hiyo kitakachohitaji kutengenezwa, na kwa nini?

4. Ungaliketi karibu na mzee yule wa Störmthal, ungemwambia neno gani baada ya kusikia jibu lake?

5. Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila mmoja na aandike maneno anayoyakumbuka ya wimbo mmoja wa kwaya. Yaleteni katika mkutano wenu, mkayasome mbele ya mwalimu wa kwaya, bila kumlaumu, mkashauriane naye.